Ndugu yangu ndiye aliyewabeba waliomuua mzee wa duka

Barua hii ilinifikia jioni, nami nilimjibu mwenyewe usiku huo huo bila kungoja zamu ya safu. Sasa ameniruhusu niichapishe pamoja na jibu lake. Umri, siku na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Busia, upande wa Uganda. Nina miaka 38, nauza mitumba sokoni, nina watoto watatu. Mama yetu alifariki mdogo wangu wa mwisho akiwa darasa la tano, nikamchukua nikamlea na wanangu. Sasa ana miaka 20. Nakwambia haya ili ujue kwamba nikisema ndugu yangu, nasema mtoto wangu.

Mtaani kwetu palikuwa na mzee mwenye duka, miaka 74. Kila mtu alimwita Jajja, yaani babu kwa Kiganda, hata sisi ambao si Waganda. Duka lenyewe ni dogo, lina wavu wa chuma mbele. Aliuza sukari ya robo, sabuni ya vipande, mafuta ya taa, na miaka ya karibuni akawa wakala wa pesa za simu. Alikuwa na daftari la madeni ambalo jalada lake limechakaa mpaka amelishona kwa uzi. Jina langu limo. Mwaka ule nilipolazwa, wanangu walikula kwa daftari lile miezi miwili, na Jajja hakuwahi kuniuliza lini.

Alhamisi ya wiki ile nyingine, yapata saa mbili na nusu usiku, umeme ulikuwa umekatika. Vijana watatu walifika dukani, mmoja akijifanya anataka kutoa pesa. Jajja akafungua kile kimlango cha pembeni. Mjukuu wake wa kike, ana miaka tisa, alikuwa chumba cha nyuma. Anasema alisikia, "Lala chini! Toa pesa!" kwa Kiswahili. Halafu akamsikia babu yake akiuliza, "Wewe si mtoto wa..." Hakumaliza. Walimpiga nondo ya kichwa. Alikata roho njiani kabla ya kufika hospitali.

Kwa sababu ya hicho Kiswahili, watu wakasema hawa ni wa ng'ambo. Asubuhi wakamkamata kijana mmoja mchukuzi, anayebeba mizigo hapa mpakani. Kwao ni upande wa Kenya, na katika lugha za hapa hajui hata moja ila Kiswahili. Walimpiga sana. Tairi ilikuwa imeshaletwa, na petroli, polisi wakawahi. Baadaye akapelekwa mahakamani, akasomewa shtaka la mauaji, yuko rumande. Shangazi, nilikuwepo alipokuwa akipigwa. Jiwe sikurusha, lakini nilipiga kelele kama wengine. Nilisema, "Mmalizeni."

Sasa sikiliza. Tangu siku ile ndugu yangu alikuwa hali, haendi steji, anaosha pikipiki kila asubuhi. Pikipiki ni yangu, nimeichukua kwa mkopo, yeye anaiendesha tunalipa kidogo kidogo. Ijumaa, siku moja baada ya Jajja kufa, alinipa shilingi 100,000 za kulipia mkopo. Nilifurahi. Katika hizo nilitoa 20,000 nikapeleka msibani, rambirambi. Jumapili iliyopita nikambana. Akalia kama alivyolia siku ya mama. Akasema vijana wawili wa steji na mmoja aliyesoma naye walimwambia, "Tunakwenda kuchukua pesa ya mtu, wewe kaa nje na pikipiki, moto uwe unawaka." Anasema alijua wanakwenda kuiba. Kuua hakujua. Alimsikia mzee akipiga ukelele mmoja, basi. Wakatoka mbio wakarukia pikipiki, mishikaki, akawabeba. Walimpa 150,000. Zile 100,000 zangu zilitoka humo.

Mjomba wetu anasema tumvushe leo leo, aende Eldoret kwa ndugu zetu, jambo litapoa. Anasema pia anamjua mtu mwenye watu wake kituoni, anataka milioni mbili ili faili lisielekee kwetu. Na wale vijana wamemwambia ndugu yangu akifungua mdomo atamfuata mzee.

Nifanye nini, Shangazi? Nikimtoa, watamnyonga? Nikisema, watu watakuja kuchoma nyumba na wanangu wamo ndani? Pikipiki niiuze? Na kuna jambo dogo ambalo naona hata aibu kuliandika: kwenye daftari la Jajja bado nina deni la 37,500.

Ni mimi, Dada Mtu, Busia.

*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na yule kijana mchukuzi, kwa sababu katika barua yako amepata mistari michache, na usiku wa leo ndiye anayelala vibaya kuliko ninyi nyote. Huenda ulijiuliza kwa nini mahakamani hakuulizwa kama ni kweli au si kweli. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu peke yake. Hakimu wa chini humsomea tu shtaka, hamruhusu kujibu, kisha humrudisha rumande wakati upelelezi ukiendelea. Katiba yetu inasema mtu wa kesi kama hiyo akikaa rumande siku 180 kabla ya kesi yake kupelekwa Mahakama Kuu, ni lazima apewe dhamana. Siku 180 ni miezi sita. Anaweza kuiomba mapema Mahakama Kuu, lakini ataulizwa unakaa wapi, wadhamini wako ni nani, na yeye ni mbeba mizigo kutoka ng'ambo. Nani atasimama kumdhamini mtu ambaye mtaa mzima ulitaka kumchoma?

Kosa lake ni lugha. Sisi tuliokuwa watu wazima miaka ya sabini na themanini tunajua hofu hiyo imetoka wapi. Usiku ule ukisikia mlangoni "Fungua!" kwa Kiswahili, ulijua ni askari au ni makondo, wale majambazi wa silaha, na mara nyingine hukuweza kuwatofautisha. Wezi wenyewe walijua hivyo, wakakitumia Kiswahili kama kinyago hata kama kwao walilelewa kwa lugha nyingine kabisa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, leo watoto wanakisoma shuleni, lakini woga ule bado uko kwenye mifupa ya watu. Nimezungumza lugha hii maisha yangu yote katika nchi hii, nimetazamwa vibaya kwenye teksi kwa ajili yake, na nakwambia naumia kusoma kwamba kuna kijana nusura auawe kwa sababu hana nyingine ya kujitetea nayo. Wale watatu walivaa kinyago kile kile cha zamani. Na kinyago kikafanya kazi, mpaka wewe, uliyezaliwa na Kiswahili kinywani, ukasema "Mmalizeni."

Sikusemi ili kukuponda. Ungeweza kuliacha jambo hilo nje ya barua, nisingelijua kamwe. Umeliandika kwa sababu limekukaa kooni. Hiyo asubuhi huwezi kuirudia. Lakini ufunguo wa kumtoa mtu yule uko nyumbani kwako, na kila siku unayoongeza unaiongeza ukijua. Ijumaa ile hukujua.

Sasa Jajja. Nimelisoma mara nyingi lile swali lake ambalo hakulimaliza. Mwizi anayeingia dukani kwa mzee wa miaka 74 hahitaji kuua ili apate pesa. Mzee hawezi kumkimbiza wala kumshika. Wanaoua namna hii mara nyingi huua kwa sababu wametambuliwa. Jajja alimtambua mmoja, kwa sauti au kwa mwendo, kwa sababu labda alimuuzia peremende tangu anatambaa. Aliwajua watoto wa mtaa wake, na hilo ndilo lililomuua.

Shika neno hilo, maana linakuja nyumbani kwako. Waliua mtu kwa kuwa aliwatambua. Leo hii ni nani mwingine aliye hai anayeweza kuwataja wote watatu kwa majina? Ni ndugu yako. Mjomba anadhani hatari ni polisi. Mimi nadhani hatari ni wale watatu, na wamekwisha kumwambia wenyewe. Ndugu yako amesimama pale pale Jajja aliposimama. Tofauti ni kwamba yeye hana wavu wa chuma, na wanajua anakolala. Eldoret pia wanaweza kufika, kwa nauli ya basi tu.

Habari ya kumvusha, basi, iache. Busia ni mji mmoja uliokatwa na kizuizi. Wewe unajua jinsi watu wanavyopita huku na huku kutwa kwa miguu na kwa baiskeli, na polisi wa pande mbili wanajua hivyo kuliko wewe, wanapeana watu. Siku watakapomkamata huko, na simu yake ndiyo itakayowapeleka, neno la kwanza litakalosemwa mahakamani ni kwamba alikimbia. Atakuwa pia wa mwisho kusema. Katika kundi la wezi, anayekamatwa kwanza huwatupia wengine mzigo. Wale watatu wakitangulia, nakuhakikishia katika hadithi yao hakuna aliyebaki nje kwenye pikipiki. Nondo itakuwa ilishikwa na yule aliyetorokea Kenya.

Umeniuliza kama watamnyonga. Nitakujibu ninavyojua, na sitakupaka mafuta.

Kwanza, usikubali mtu akwambie "yeye ni shahidi tu, hakuingia ndani." Sheria ya Uganda inasema watu wakikubaliana kufanya jambo la haramu, na katika kulifanya likatokea kosa jingine ambalo mtu mwenye akili angeliona linaweza kutokea, kila mmoja wao anahesabiwa amelitenda. Dereva amo. Aliyeshika mlango amo. Ndiyo maana wizi ule wa Alhamisi unaweza kumfanya ndugu yako ashtakiwe kwa mauaji, si kwa wizi peke yake, hata kama hakumgusa mzee. Na unyang'anyi wa kutumia silaha ya kuua, au uliosababisha kifo, wenyewe peke yake una adhabu ya kifo katika vitabu vyetu. Kitakachopimwa ni alichojua. Je, aliiona nondo kabla hawajaondoka? Alijua mzee yumo ndani? Alisikia ukelele akakaa, kwa nini? Maswali haya usimuulize wewe, wala mjomba, wala majirani. Atayajibu mbele ya wakili wake.

Pili, kamba. Adhabu ya kifo bado ipo katika sheria. Lakini mwaka 2009 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, ilisema jaji halazimiki tena kuitoa kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Ni lazima asikilize habari za mtu mwenyewe: umri wake, sehemu yake katika kosa, kama amejuta, kama ni mara yake ya kwanza. Na tangu 1999 hakuna raia aliyenyongwa katika nchi hii kwa hukumu ya mahakama ya kiraia. Kwa hiyo ukiniuliza ninachoona mbele, naona jela, na huenda ikawa ndefu sana. Siwezi kukuahidi miaka mingapi. Kijana wa miaka 20 aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake, akamtoa mtu asiye na hatia gerezani na kuwataja waliopiga, anasimama mahali pengine kabisa mbele ya jaji kuliko kijana aliyeburutwa kutoka chini ya kitanda huko Eldoret. Kuna pia utaratibu wa kukiri kwa makubaliano na upande wa mashtaka, una kanuni zake tangu 2016, lakini huo ni wa wakili kuuzungumza wakati wake ukifika. Usiende kituoni na mapatano kichwani.

Na wewe mwenyewe, mwanangu, uko ndani ya jambo hili kuliko unavyodhani. Anayemsaidia mhalifu kukwepa mkono wa sheria, akijua alichofanya, ana kosa lake peke yake. Sheria inamsamehe mume au mke. Dada haisemi. Mpaka Jumapili hukujua kitu, hata zile 100,000 ulizipokea kwa moyo safi. Tangu Jumapili unajua. Ukiuza pikipiki sasa, unauza ushahidi. Ukimpa nauli ya Eldoret, unamtorosha. Mwambie aache kuiosha hiyo pikipiki. Ipakini ndani, funguo ushike wewe. Itachukuliwa na polisi kama kielelezo na inaweza kukaa huko muda mrefu. Najua mkopo unaendelea kula, na hilo litakuuma kila mwezi. Nenda kawaambie wenye mkopo kwamba pikipiki inashikiliwa, kabla hawajakufuata. Lakini hilo ni la wiki ijayo.

La kesho asubuhi ni wakili. Kabla ya polisi, kabla ya mwenyekiti wa LC1, lile baraza la mtaa, kabla ya sheikh au padri. Atakayoambiwa wakili hawezi kuyatoa nje, na yeye ndiye atakayepiga simu kituoni kusema kuna mtu anamleta. Najua utasema wakili ni pesa. Chama cha Mawakili cha Uganda kina huduma ya msaada wa sheria bila malipo. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wapo. Kuna Justice Centres Uganda, walio chini ya Idara ya Mahakama. Ukikwama nenda pale kwenye jengo la mahakama uulize mtu wa msaada wa sheria ni nani. Huhitaji kueleza kisa, sema tu kuna jambo zito la jinai. Na kesi ikifika Mahakama Kuu, Katiba inailazimu Serikali kumlipia wakili mtu yeyote anayekabiliwa na adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Hataachwa asimame peke yake.

Mwenyekiti wa LC1 sikumweka nyuma kwa dharau. Nimeishi mitaani, najua jinsi siri ya saa nne asubuhi inavyokuwa kelele ya saa sita. Umati ule uliokuwa na tairi bado upo, na bado una hasira, kwa haki. Nendeni mchana, kituo kikubwa, si kile kibanda cha mtaani. Muwe na wakili na mtu mzima mmoja anayeheshimika, asiye mjomba. Watoto wako kesho hiyo hiyo wapeleke kwa ndugu wa mbali kidogo, waambie ni likizo fupi. Mkifika kituoni, kabla hujatoka, omba mkuu wa kituo ajue kwamba nyumba yako inaweza kushambuliwa, na mwambie wakili alisemee hilo. Hapo ndipo mwenyekiti aambiwe, na polisi, ili awe upande wa kuzuia watu. Namba ya dharura ni 999, iweke kwenye simu ya jirani mmoja unayemwamini.

Kuna jambo moja la maelezo ambalo watu wengi hulipuuza kisha hulia baadaye. Ndugu yako ana haki ya kunyamaza mpaka wakili awepo. Maneno ya kukiri kosa yanayoandikwa na polisi hayapokelewi mahakamani mpaka yawe yametolewa mbele ya ofisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Na yaandikwe kwa lugha aliyoisema. Kama atasema kwa Kiswahili yaandikwe kwa Kiswahili, asomewe, ndipo yatafsiriwe. Asitie sahihi karatasi ya lugha ambayo haielewi vizuri. Neno moja kama "tulikwenda" na "niliwapeleka" lina miaka ndani yake.

Yule mtu wa milioni mbili. Sitajua kama kweli ana watu kituoni au ni tapeli anayenusa msiba. Kwa vyovyote vile, anachouza ni yule mchukuzi. Faili haliwezi "kutoelekea kwenu" bila kuelekea kwa mtu, na mtu huyo amekwisha kupatikana. Ukilipa, utakuwa umenunua kifungo chake kwa fedha yako. Na ataurudia mlango wako, kwa sababu sasa anajua kwamba una cha kuficha. Kama ni askari kweli, polisi wana kitengo cha nidhamu kinachopokea malalamiko, wakili wako ayapeleke huko. Maelezo hayalipiwi. Dhamana ya polisi hailipiwi. Yeyote anayekudai pesa kwa hayo anakuibia.

Nimefika kwenye lililo gumu. Je, akikataa kwenda?

Zungumza naye usiku huu, ninyi wawili tu. Mwambie ulivyoniambia mimi, kwamba ni mwanao. Mwambie habari ya mchukuzi kwa urefu, alivyokuwa usoni, kwa sababu wewe ulimwona na yeye labda hakumwona. Mwambie utakwenda naye, utakaa naye kwenye benchi, utampelekea chakula gerezani kila siku ya kutembelea mpaka mwisho, na uwe unamaanisha, kwa sababu hiyo itakuwa kazi yako ya miaka. Mama yako alikuachia mtoto, hakukuachia mtoto asiye na makosa. Lakini akikataa, au akianza kukusanya nguo, uende kwa wakili peke yako na useme unayoyajua. Naandika hivi mkono ukitetemeka. Nina wadogo zangu. Najua mnayoitana nyumbani kwenu na najua ndugu watakavyokuita wewe, mjomba wa kwanza. Bado nakwambia uende. Mtoto wa miaka tisa amelala karibu na chumba alikosikia babu yake akikatwa swali katikati, na kila mtu mtaani anamwambia aliyefanya hivyo amekamatwa. Anadanganywa, na wewe unajua.

Kwa wafiwa usiende sasa kuomba msamaha. Watu watakushauri uchukue mbuzi na wazee watatu mkaongee. Huu si ugomvi wa mpaka wa shamba. Ni kesi ya Serikali, na ukienda leo utaonekana unajaribu kuwanyamazisha. Tena utamlazimisha mjane akupe jibu wakati ambapo hata kulia hajamaliza. Siku ya msamaha, kama itakuja, itachaguliwa na wao.

Zile pesa. Ulizopewa zilikuwa 100,000, umetumia 20,000 na labda na nyingine. Kilichobaki kiweke kwenye bahasha, usichanganye na pesa ya soko, andika juu tarehe uliyopewa na kiasi, umpe wakili aikabidhi polisi mbele yako na upewe karatasi ya kupokelewa. Ile rambirambi najua ndiyo inayokuamsha usiku. Ulitoa pesa ya Jajja kumzika Jajja. Hukujua, na atakayekuuliza mwambie hivyo hivyo ilivyokuwa, usiipambe.

Nimebakiza deni lako la 37,500, ambalo unaliita jambo dogo. Hilo daftari linaweza kuwa mikononi mwa polisi sasa, au chini ya mto wa mjane. Uza mitumba. Ikichukua mwezi, ichukue mwezi. Zitoke kwenye meza yako ya sokoni, shilingi kwa shilingi, wala usikope kwa mtu. Zikitimia, na ndugu yako akiwa amekwisha kujisalimisha, zipeleke kwa mkono wa mwenyekiti au wa mama mmoja mtu mzima wa mtaa, aseme tu kwamba hizi ni za daftari, za sukari na sabuni, za mwaka ule uliolazwa. Mjane akikataa kuzipokea, mwambie aliyezipeleka azirudishe bila neno. Ziweke. Jaribu tena baada ya miezi michache.

Niandikie ukishaonana na wakili, hata usiku.

Shangazi yako